Yafanya Kazi

Khuleta anarudi Alhamisi.
Miaka miwili ameuliza kutoka Doha,
"Ile mashine ya zulia yafanya kazi?"
na miaka miwili mama amejibu bila kupepesa,
"Yafanya, mwanangu. Allah akuzidishie."
Mashine iko chini ya ngazi, imefunikwa shuka
kama mgeni aliyetufia nyumbani
na kwao hatukujui.

Jumanne, baada ya alasiri, niliivua shuka.
Mimi ni mshona kofia.
Najua kitambaa, najua uzi;
chuma nakisalimia kwa mbali.
Nikachomeka.
Ikanguruma hadi paka wakahama darini,
lakini juu ya zulia haikuvuta hata unyasi.
"Ina mdomo," mama akasema, "haina pumzi."

Nikaanza wanapoanza wasiojua: nikaipiga kofi.
Kisha wanapoanza wanaojua kidogo:
nikachomoa, nikachomeka tena.
Ndipo nikaipindua, tumbo juu, nikatafuta bisibisi.

Brashi ilikuwa imenyongwa.
Nywele nyeusi za Khuleta, za wiki ile alipotufundisha kuitumia.
Nywele nyeupe za mama, ncha zina hina.
Na kilichozifunga zote pamoja, mzingo juu ya mzingo,
uzi mweupe, mwembamba, wa kofia.
Wangu.
Sikumwambia mtu. Nikakata kwa mkasi mdogo
nikautia mfukoni kama mwizi.

Chujio lilijaa chokaa ya kuta zetu,
imeganda kama mkate wa juzi.
Na pale maji yanapotokea,
matundu matano yamezibwa na chumvi ya kisima.
Nikachukua siki ya achari, nikakamua ndimu nne,
nikayalaza humo usiku kucha.
"Iwate," mama akasema, "isikutoe damu."
Alichokuwa akililia ni siki.

Asubuhi nikachukua sindano.
Sindano ileile. Tundu la kwanza, la pili,
polepole, bila kupasua ukingo,
kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka tisa,
na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne
mikono yangu ilijua iko wapi.

Bado haikuvuta.
Nikamwita Famau, anayetengeneza friji kule Langoni.
Akapitisha kidole kwenye mdomo wa tangi la maji machafu:
mpira umekauka, umepasuka, hewa inatorokea hapo.
"Spea yake iko Mombasa," akasema,
akanywa chai yetu yote, akaongeza,
"na Mombasa hawana."

Mpira wa ndani wa gurudumu la mkokoteni.
Nikachora duara, nikakata mara moja tu,
maana ukanda wa kofia ukiukata mara mbili umeuharibu.
Ukakaa.

Usiku wa Jumatano ikavuta.
Ikavuta hadi zulia likanyanyuka kumbusu.
Tangi likajaa maji meusi kama kahawa tungu,
mchanga, majivu ya udi,
makombo ya halua ya harusi ambayo ndoa yake imeshavunjika.
Mama akachungulia.
"Haya yote tulikuwa tukiyakalia?
Na watu tukiwaambia karibuni, ketini?"

Tulidhani zulia ni la kahawia. Ni jekundu.
Na katikati wakatokea ndege wawili, mikia imefunguka.
Marehemu baba alikuwa akisema amenunua tausi,
nasi tukidhani anamtania mama.
Mama aliketi ukingoni, miguu nje,
akawatazama hadi taa ikakatika.

Khuleta amefika. Amevua viatu mlangoni,
amekanyaga, amenyamaza kidogo.
"Nilikuwa na wasiwasi mnanidanganya," amesema.
Mama hakupepesa.

Mimi nimerudi kwenye kofia yangu.
Ndani ya kopo la sindano mna skrubu moja.
Zilitoka kumi na nne, zikarudi kumi na tatu.
Nimeipindua mashine mara tatu, kwa tochi.
Sioni inapokosekana.